Daraja la Tai na Hiari ya Kijana

Sisi tuliolelewa Endabash, Tanzania, na hatimaye tukahamia Marekani, aghalabu tulimjua skauti kwa skafu yake shingoni na kwa gwaride la Uhuru la tarehe 9 Desemba, wala hatukupata kuwasikia wazazi wakiulizana kijana wao amefikia daraja gani. Kwa hiyo mzazi wa kwetu anapoarifiwa kwamba mwanawe wa miaka 16 amebakiza hatua moja tu kufikia daraja la Tai (Eagle Scout), na papo hapo akaona sare ya mwana huyo imesahauliwa kabatini, hushikwa na fadhaa mbili: hajui kinachopotea kina thamani gani, na hajui amsaidie vipi asikipoteze.

Uskauti, uliochipuka katika kambi ya Baden-Powell kisiwani Brownsea mwaka 1907, si mgeni kwetu. Mwasisi wake alifariki Nyeri, Kenya, mwezi Januari 1941, akazikwa huko huko. Wamarekani waliuwekea madaraja saba, la juu kabisa likiwa la Tai, ambalo Arthur Eldred alikuwa wa kwanza kulipata mwaka 1912, na ambalo wasichana walifunguliwa mlango wake mwaka 2019. Tangu daraja la nne hadi la Tai kanuni hudai miezi 16 kwa uchache. Sharti kijana apate beji 21, ashike wadhifa katika kundi lake, na aongoze kazi ya manufaa kwa umma, yote hayo kabla hajatimiza miaka 18.

Hiyo kazi ya umma ndiyo kiini, na ndipo vijana wengi hukwama. Haiwezi kuwa ya kunufaisha biashara, wala kwa kawaida mtu mmoja, basi kukarabati nyumba ya bibi, ingawa ni ihsani kubwa, aghalabu hakukubaliki. Sharti pendekezo liidhinishwe kabla ya kuanza, na miongoni mwa wanaotia saini ni mwakilishi wa wale watakaonufaika. Hakuna idadi ya saa iliyowekwa; kinachopimwa ni uongozi wa kijana mwenyewe. Mzazi anayechora ramani, kupiga simu na kununua mbao huku mwanawe akitazama, amemnyang'anya kile kile alichotaka akipate.

Najua wazazi, watu wema na wenye mapenzi, walioahidi gari au simu mpya ili beji zikamilike. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci alionyesha kwamba wanafunzi waliolipwa ili wafumbue mchezo wa kuunganisha vipande, malipo yalipokoma, waliucheza kwa hiari yao kwa muda mfupi kuliko wenzao ambao hawakulipwa kamwe. Ghera inayonunuliwa hudumu kadiri ya malipo yake. Vitisho navyo, pamoja na kumlinganisha kijana na binamu aliyefaulu, humfanya aione sare kuwa deni la baba yake.

Lililo bora, kwa rai yangu, ni kumuuliza kwa utulivu ni jambo gani duniani linalomkera kiasi cha kutaka kulitengeneza, kisha kunyamaza hata ajibu. Na kwa kuwa kanuni huruhusu kuuhesabu ulimwengu mzima kuwa jamii ya skauti, jibu lake laweza kuvuka bahari: vitabu vya maktaba ya shule ya Endabash, vilivyokusanywa na kuchambuliwa na wenzake chini ya uongozi wake, au vifaa vya kitalu cha miche kwa ajili ya mashamba yanayoliwa na makorongo, mkuu wa shule akiwa ndiye mtia saini wa huko. Kijana anayezungumza mwenyewe na mkuu huyo, kwa Kiswahili chake cha kubabaika, hupata sababu ya kuendelea ambayo ahadi ya gari haiwezi kumpa.

Akiisha kufikiri akasema hataki, mwachie kwa heshima, maadamu umri wake bado unamruhusu kurejea. Akisema anataka, ndugu mzazi, mpeleke mikutanoni kwa wakati, mkumbushe tarehe ya kutimiza miaka 18, na kazi yenyewe mwachie mikononi mwake.