Sashe la unga wa mmea: linaoza kweli?

Juma hili wauza kwanga wa kikundi kimoja walitujia na swali la haraka. Mchuuzi amewaletea masashe ya rangi ya kahawia, yameandikwa kwa Kifaransa kwamba yanaoza. Anasema ndani mna unga wa mmea. Bei yake ni mara mbili ya yale ya kawaida, nao wanataka kutoa pesa ya likelemba wanunue mzigo mzima.

Tunawaelewa. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia masashe ya plastiki nchini kwetu, lakini sokoni bado yako. Mvua ikinyesha mitaro inaziba, maji yanaingia nyumbani, na uchafu unaishia mtoni. Mama anayetafuta kitu bora hana kosa.

Ila tuangalie sashe hilo limetengenezwa na nini. Plastiki ya masashe ya kawaida inaitwa polietileni, nayo inatokana na petroli. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wa Uingereza walianza kuichanganya na wanga. Wengine hutia plastiki unga wa mbao au maganda ya mpunga, kama yale yanayorundikana kando ya mashine zetu za kukoboa. Vijidudu vya udongo hula wanga na mbao. Polietileni inavishinda karibu kabisa.

Yeyusha mshumaa, tia punje za mchele, acha ugande. Sisimizi watakula punje za juu tu. Za ndani zimefungiwa. Zikiwa nyingi mpaka zinagusana, labda theluthi moja ya mchanganyiko, watapita kutoka punje moja hadi nyingine mpaka katikati. Mshumaa utajaa matundu na kuvunjika, lakini nta yote bado ipo. Sashe nalo ni hivyo hivyo: unga wa mmea unaoza, plastiki inabaki vipande vidogo shambani. Kwa maoni yetu hilo ni baya kuliko sashe zima, maana zima unaliona na kuliokota. Huko ng'ambo kuna mbao za sakafu za mchanganyiko huo huo, na wauzaji huzisifu kwamba haziozi upesi!

Neno lililoandikwa juu ya mfuko pia halitoshi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walitangaza kwamba mfuko ulioandikwa unaoza, baada ya kuzikwa udongoni miaka 3, bado uliweza kubeba vitu vya sokoni.

Iko aina nyingine, ambayo plastiki yenyewe imetokana na mahindi au muhogo. Hiyo huitwa PLA. Ikitiwa nyuzi za mmea, mara nyingi maji huingia kwa urahisi na inaoza upesi zaidi. Lakini inataka unyevu na joto la karibu digrii 60, ambalo shimo la takataka nyuma ya nyumba kwa kawaida halifiki.

Basi muulizeni mchuuzi: unga wa mmea ni kiasi gani, na kilichobaki ni nini? Akijibu polietileni, au mkiona herufi PE au PP, hilo ni sashe la kawaida lililovaa kitenge. Alama EN 13432 ina maana zaidi, ingawa hupimwa katika mbolea yenye joto ya kiwandani. Na msiwashie makaa kwa masashe hayo mkidhani ni majani. Moshi wa plastiki ni ule ule, na mtoto aliye mgongoni anauvuta.

Jani la ngongo tunalofungia kwanga na liboke halina maswali haya, ingawa halibebi unga wala mafuta ya mawese. Kwa hayo, chupa na kikapu bado vinafaa.

Tuliwashauri wenzetu waiache likelemba kwanza. Wamenunua pakiti moja. Jumamosi tulizika, huko Mangobo, sashe la kahawia, sashe la kawaida na jani la ngongo, kila kimoja ndani ya wavu wa vitunguu ili vipande visipotee. Tutafukua kila mwisho wa mwezi. Mwenye sashe la aina nyingine alilete mkutanoni, nafasi shimoni ipo.