Fahamu: Roboti zinazopanda ukuta hushikaje?

Kwa kazi ya upelelezi, roboti ndogo ya kupanda ukuta inaizidi droni kwa jambo moja: ikishafika juu inaweza kutulia na kutazama kwa muda mrefu, ilhali droni hutumia umeme muda wote isianguke. Ugumu ni kushika ukuta.

Njia ni zipi?
Sumaku hufaa kwenye chuma tu, kama matangi na meli. Vikombe vya kunyonya hushika kioo, lakini pampu yake ina kelele, na ukuta wenye mikwaruzo huvujisha hewa. Roboti ya RiSE, iliyofadhiliwa na DARPA, wakala wa utafiti wa kijeshi wa Marekani, ilitumia kucha ndogo kupanda matofali. Mwaka 2008, SRI International ilionyesha pedi zinazonata kwa umemetuli na kutumia nishati kidogo sana.

Mjusi anahusikaje?
Mwaka 2002, timu ya mtafiti Kellar Autumn ilionyesha kwamba mijusi wa jamii ya mjusi kafiri hawatumii gundi. Vinyweleo vya nyayo zao hushika kwa mvutano wa molekuli. Mark Cutkosky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliiga mbinu hiyo katika Stickybot ya mwaka 2006, iliyopanda kioo. Pedi zake hushika zikivutwa chini, huachia zikilegezwa.

Kikwazo kiko wapi?
Vumbi hupunguza mshiko, na kila kamera au betri huongeza uzito. Kwa hiyo mbunifu huanza kwa kuchagua ukuta, ndipo achague kamera.