Mashini Ina Dawa, Picha Ya Kuokota Haina

Masee wengi wa dizaini hapa Kanairo wanachapa kazi na laptopu za mtumba kutoka majuu, na kila kitu ikichoma, mashini ndio inalaumiwa. Mi nadai tunaionea tu.

Cheki hii. Photoshop inazubaa, inaanza kulia ati diski imejaa, na msee anakimbia Luthuli kuongeza RAM. Tulia kwanza. RAM ikiisha, hiyo programu hukopa nafasi kwa diski, so kama draivu C umeijaza muvi na miksi za madijee, itakopa wapi? Hamisha hizo vitu, ama uende kwa mipangilio uielekeze draivu ingine. Ikikataa bado, na uko na ile diski ya zamani ya kuzunguka, dunga SSD. Utashangaa ile mkebe ulitaka kuuza.

Stima nayo ikihepa na betri yako ni ya urembo, Photoshop hujiwekea akiba kila dakika 10. Ishushe iwe 5. Imeisha hiyo.

Noma yenyewe iko kwa picha.

Kapteni wa timu ya mtaa anataka posta ya finali, saizi ya A3. Anakurushia nembo ya timu kwa WhatsApp, na ni skrinshoti ya skrinshoti: juu kwa kona unaona betri ya mtu iko asilimia 12, chini kuna kipande cha kidole gumba. Unamuuliza kama kuna ingine. "Buda, si uisafishe tu!" Ati usafishe, kwani ni viatu?

Hesabu iko hivi. A3 ikichapwa poa, DPI 300, inadai pikseli 3,508 kwa 4,961. Picha ya upana wa pikseli 1,200 ukiivuta ijae hiyo karatasi, unabaki na DPI kama 100. Kwa skrini inabamba, but ikitoka kwa printa huko River Road, sura ya straika imekuwa uji. AI inaweza kukuongezea pikseli, sikatai, shida ni inazibuni. Kipa anaamka na meno ya msee mwingine, na mathe yake atakuwa wa kwanza kujua.

So mwambie kapteni akutumie faili kama dokumenti, juu WhatsApp ikituma kama picha huibana. Nembo nayo, kama haina faili safi, ichore upya kwa Inkscape. Ni ya bure, na vekta unaivuta hadi ukubwa wa ukuta bila ipasuke.

Picha za mandhari ziko Unsplash, Pexels na Wikimedia Commons. Hapo Commons soma leseni mos mos: CC BY inataka umtaje mpiga picha, na CC BY-SA inaongeza ati kazi utakayotoa kwa hiyo picha nayo uiachilie kwa leseni kama hiyo. Ukiokota kitu mahali na hujui ni ya nani, ipitishe TinEye, itakuonyesha penye imeonekana. Na wacha story ya jaba ati kitu ikiwa Google ni ya kila mtu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda picha miaka 50, na kufuta jina la mwenyewe kwa kona hakuifanyi ikuwe yako.

But hizo zote hazina ile vumbi ya uwanja wenu, wala ile jezi namba imeandikwa na maka. Hiyo lazima mtu wa base aipige. So kabla ukubali kazi ya posta, dai picha kwanza. Wakikosa, beba tenje ushuke mazoezi jioni jua likipoa, upige wasee wakiwa mbiyo, na hiyo siku uilipishe kando. Hiyo ni kazi pia, usiifanye sare.