Udongo wa kunasa rangi: Kabla ya kununua tani, uliza ni rangi gani

Mfanyabiashara wa madini ya viwandani akiambiwa kwamba udongo wa mfinyanzi unaweza kusafisha maji machafu ya kiwanda cha nguo, hesabu ya kwanza inayomjia kichwani ni ya tani. Udongo upo, viwanda vipo, na sheria inambana mwenye kiwanda: Kenya ilitunga kanuni za ubora wa maji mwaka 2006 chini ya sheria yake ya mazingira ya 1999, na Tanzania ina kanuni za mwaka 2007 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kwa juu juu, biashara inaonekana imeiva. Hata hivyo, mwekezaji mdogo hana budi kujua jambo moja kabla ya kutoa fedha yake, nalo wauzaji wengi hawalitaji. Udongo haunasi kila rangi, na zile unazozinasa vizuri kuliko zote sizo zinazotumika sana kutia rangi vitambaa vya pamba.

Tuanze na udongo wenyewe. Unaozungumzwa zaidi ni bentonaiti, jina lililotokana na tabaka la mwamba la Benton huko Wyoming, Marekani, mwaka 1898. Madini yaliyo ndani yake yamepangika mithili ya kurasa za kitabu, nyembamba mno, na uso wa kila ukurasa una chaji hasi ya umeme. Chaji hiyo hutulizwa na ioni za sodiamu au kalsiamu zilizokaa kati ya kurasa. Maji yakileta molekuli ya rangi yenye chaji chanya, molekuli hiyo humsukuma mkaazi wa zamani na kukamata nafasi yake. Rangi inashikwa usoni mwa udongo, hainywewi kama sponji inavyokunywa maji, na ndiyo maana ukubwa wa uso una thamani kuliko uzito. Gramu moja ya madini ya bentonaiti, ukihesabu kurasa za ndani na za nje, inaweza kukaribia mita za mraba 700. Kaolini, udongo mweupe wa vyombo vya kauri, huwa na mita 10 hadi 20 tu.

Wauzaji hupenda kuonyesha mteja jaribio la rangi ya buluu ya methilini. Unamimina unga kidogo wa bentonaiti kwenye chupa ya maji ya buluu, unatikisa, unaacha yatulie, na maji yanabaki meupe. Jaribio hilo si kiini macho. Bentonaiti nzuri ina uwezo wa kubadilishana ioni wa karibu miliekwivalenti 100 kwa kila gramu 100 za udongo, na kwa uzito wa molekuli ya buluu ya methilini hiyo ni sawa na miligramu 320 hivi za rangi kwa gramu moja ya udongo, yaani karibu theluthi ya uzito wake. Kaolini yenye uwezo wa miliekwivalenti 5 haitapita miligramu 16 kwa njia hiyo hiyo. Kwa kweli rangi hii ndiyo kipimo kinachotumika viwandani kupima ubora wa bentonaiti ya visima na ya kalibu za kusubia chuma. Kwa maneno mengine, muuzaji anakuonyesha udongo wake ukifaulu mtihani uliotungwa kwa ajili ya udongo huo.

Rangi za jamii ya buluu ya methilini, zenye chaji chanya, hutumika zaidi kwenye nyuzi za akriliki: sweta, mablanketi na sufu za kufumia. Pamba ina mambo mengine. Kiwanda kinachotia rangi fulana, mashuka na vitambaa vya pamba mara nyingi hutumia rangi za riaktivu, ambazo ndani ya maji huwa na chaji hasi. Hasi kwa hasi husukumana. Tena rangi hizo hazishiki zote kwenye kitambaa. Kwa makadirio ya kawaida asilimia 10 hadi 40 huondoka na maji ya kusuuzia, zikifuatana na chumvi nyingi iliyotiwa kusaidia upakaji. Mteja wa namna hiyo akinunua bentonaiti ghafi, maji yake yatatoka na rangi ile ile, na juu yake tope.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kiwanda kinatoa mita za ujazo 100 za maji kwa siku, na kila lita ina miligramu 100 za rangi. Hizo ni kilo 10 za rangi kila siku. Udongo unaonasa miligramu 100 kwa gramu utahitajika kilo 100. Udongo unaonasa miligramu 5 tu utahitajika tani 2. Kwa mwezi wa siku 26 za kazi, tofauti ni kati ya tani 2.6 na tani 52. Kuna muuzaji atakayeshangilia hizo tani 52, lakini mteja atalipa mwezi wa kwanza tu. Tope linalobaki chini ya tangi huwa na maji mengi, na tukikadiria asilimia 80, zile tani 52 zinageuka tani 260 za matope ya rangi ambayo mtu lazima ayabebe.

Kwa sababu hiyo bei ya kuangalia ni ya kilo moja ya rangi iliyoondolewa, wala si ya tani ya udongo. Udongo uliouzwa ghali mara nane, kama unanasa mara kumi na sita zaidi, umekugharimu nusu. Udongo wa namna hiyo upo. Bentonaiti ikichanganywa na kemikali za jamii ya amonia zenye mkia mrefu wa mafuta, uso wake hugeuka: unaacha kupenda maji, unapenda mafuta, na unaweza kuvuta rangi zenye chaji hasi. Wataalamu huuita udongo-ogani. Una kasoro yake pia, kwani kemikali hiyo ikitiwa kupita kiasi hudondoka majini, nayo ni sumu kwa samaki. Njia nyingine ni kuuchemsha udongo kwa asidi, jambo linaloongeza uso na vitundu vyake, ila mwenye kuchemsha anabakiwa na maji ya asidi ya kusafisha. Mwekezaji anayefikiria kufungua karakana ya kazi hiyo aihesabu gharama hiyo mwanzoni.

Wenye batiki na wafuaji wa jinzi wana habari tofauti kidogo. Wao hutumia sana rangi za vati, ikiwemo nili, zinazoyeyushwa kwa kostiki soda na haidrosi kisha kurudi kuwa chembe zisizoyeyuka zikipata hewa. Chembe hizo hazihitaji kunaswa na ioni, zinahitaji kukusanywa na kuzama. Hapo shabu na chokaa vinafanya kazi kubwa kwa gharama ndogo, na udongo kidogo huongezwa kama uzito wa kuzamisha mabonge. Mama wa batiki mwenye mapipa mawili uani asiuziwe bentonaiti kwa magunia.

Viwanda vya ngozi vinauliza juu ya kromiamu. Metali zenye chaji chanya hunaswa na udongo, ni kweli, lakini maji yakiwa na kromiamu nyingi ni nafuu kuitengua kwanza kwa chokaa na kuuacha udongo umalizie masalia.

Sasa mali iko wapi? Hapa majina yanachanganywa sana sokoni. Milima ya Pugu karibu na Dar es Salaam ina kaolini nyingi, inayofaa kauri na rangi za ukutani, ila kwa kazi ya kunasa rangi tumeshaona hesabu yake. Sinya, upande wa Longido mpakani na Amboseli, kuna sepiolaiti, ile iliyochimbwa zamani kutengeneza viko mjini Arusha. Hiyo haina chaji kubwa, lakini ina vinjia vingi ndani na uso wa mita za mraba 200 hadi 300 kwa gramu, kwa hiyo inastahili kujaribiwa. Na udongo mweusi wa mbuga, ule unaokwamisha malori masika na kupasuka nyufa kiangazi? Unavimba kwa sababu una madini yale yale ya jamii ya bentonaiti. Lakini umechanganyika na mchanga, chokaa na mabaki ya majani, na haufikii viwango vya kuuzwa kwa jina la bentonaiti. Anayekuletea gunia la mbuga lililosagwa mlipe bei ya mbuga.

Bentonaiti nyingi duniani ni ya kalsiamu, isiyovimba sana. Viwanda huibadilisha kuwa ya sodiamu kwa kuikanda na asilimia chache za magadi soda, na bidhaa hiyo inachimbwa hapa hapa katika Ziwa Magadi, Kenya, tangu mapema karne ya 20. Mwenye akiba ya udongo wa kalsiamu asikate tamaa haraka.

Ushindani upo. Bentonaiti ya India, hasa ya Gujarat, inauzwa nje kwa wingi. Mkaa amilifu, ukiwemo wa vifuu vya nazi, una uso wa mita za mraba 500 hadi zaidi ya 1,000 kwa gramu na haubagui rangi kama udongo unavyobagua, ingawa ni ghali. Kwa maoni yetu, mwekezaji mdogo mwenye udongo mzuri angeanzia kwenye mafuta ya kula. Wasafishaji wa mafuta hutumia udongo ulioamilishwa kwa asidi kuondoa rangi, kwa kawaida kati ya asilimia 0.5 na 2 ya uzito wa mafuta. Wateja hao wanajua wanachotaka na wananunua mwaka mzima. Majitaka yawe soko la pili.

Anayetaka kuingia kwenye majitaka sasa hivi asikubali jaribio la chupa ya buluu. Achukue maji ya mteja mwenyewe, siku mbili tatu tofauti kwa sababu rangi hubadilika na oda. Aweke gramu 1, 2 na 5 kwa lita katika mitungi ya kioo, atikise kwa saa moja, aache yalale hadi asubuhi, alinganishe na mtungi usiotiwa kitu. Atazame pia kama udongo umezama, maana bentonaiti ya sodiamu ikisagwa laini huelea siku nyingi bila shabu, na ikijazwa kwenye kichujio huvimba na kukiziba. Kwenye hati za shehena adai uwezo wa kubadilishana ioni, ulaini na unyevu. Shehena yenye unyevu wa asilimia 12 ina kilo 120 za maji katika kila tani, na nauli yake umelipa wewe.

Kisha liko lile tope. Rangi haikufa, imehamia kwenye udongo, na likimwagwa bondeni mvua inaweza kuirudisha mtoni. Limejaribiwa kuchanganywa kwenye tofali za kuchoma, ambapo moto wa tanuri huunguza rangi, lakini tope lenye kromiamu au metali nyingine halifai kupelekwa huko kiholela. Mkataba wa kuuza udongo useme waziwazi ni nani anayelichukua, analipeleka wapi kwa kibali gani, na kwa gharama ya nani.