TOVUTI YA CHAMA IMFAE MWANACHAMA

Vyama vingi vya ushirika siku hizi vina tovuti katika intaneti. Hata hivyo, chama kuwa na tovuti ni jambo moja, na mwanachama kuweza kuitumia ni jambo jingine. Mkulima anayetafuta bei ya mnada asiione huishia kumwuliza mlanguzi, na mlanguzi humjibu kwa faida yake mwenyewe. Kwa hiyo tovuti isiyotumika si hasara ya fedha tu, bali pia ni mwanya wa unyonyaji.

Kanuni ya kwanza ni kuanza na haja ya mwanachama. Kabla ya fundi kupewa kazi, kamati iwaulize wanachama wanataka kujua nini: bei ya mazao, tarehe ya malipo, kufika kwa pembejeo, au siku ya mkutano mkuu. Hayo ndiyo yawekwe juu katika ukurasa wa kwanza. Picha ya mwenyekiti na historia ya chama zina mahali pake, lakini si hapo.

Pili, lugha iwe ile izungumzwayo kwenye mizani. Tatu, ikumbukwe kwamba wengi husoma kwa simu ndogo, pengine juani, na kwa gharama yao wenyewe. Picha nzito humlia mkulima fedha. Maandishi yaonekane wazi. Miongozo ya kimataifa ya WCAG hutaka tofauti ya mng'ao kati ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake isipungue 4.5 kwa 1.

Tovuti ipimwe kabla ya kupokewa, kama mizani ikaguliwavyo kabla ya msimu. Wachaguliwe wanachama 5, wazee na vijana, wake kwa waume, wapewe kazi halisi, kama vile kutafuta bei ya mnada uliopita. Msimamizi akae kimya, asielekeze, aandike kila mahali wanapokwama. Mtaalamu Jakob Nielsen alieleza mwaka 2000 kwamba watu 5 huweza kufichua takriban asilimia 85 ya kasoro. Alishauri kupima watu 5, kurekebisha, kisha kupima wengine 5, badala ya kupima 15 kwa mara moja.

Baada ya jaribio, maoni yaweza kupimwa kwa dodoso la SUS, alilolitunga John Brooke nchini Uingereza mwaka 1986. Lina sentensi 10, na alama zake ni kuanzia 0 hadi 100. Wastani uliozoeleka ni 68. Tovuti iliyo chini ya hapo yahitaji matengenezo.

Mwanachama akikwama, asilaumiwe kwa ujinga. Kosa ni la ukurasa, na wajibu wa kuurekebisha ni wa chama. Tovuti ni mali ya wanachama kama lilivyo ghala, na ghala lisilofunguka halimfai mwenye mazao.