Tundika kitu kisidondoke: ukuta, dari na msumari wako

Msikilizaji wetu mmoja wa Chamazi, wilayani Temeke, alituandikia kwamba rafu yake ya vyombo ilidondoka usiku. Misumari yote minne iling'oka na vipande vya plasta. Mtoto huwa analala chini ya rafu hiyo, ila usiku ule alikuwa kwa bibi yake. Anauliza: kosa ni la msumari au la ukuta?

Kosa ni kwamba msumari haukufika ukutani. Ulishika plasta tu.

Kwanza, ujue ukuta wako

Nyumba nyingi za Mbagala, Chamazi, Tegeta au Bunju zimejengwa kwa matofali ya saruji, kisha zikapigwa plasta. Plasta ni nyembamba, mara nyingi kama sentimita moja na nusu. Msumari mfupi unaishia humo humo. Ukigonga kwa nguvu, plasta inapasuka kwa ndani hata kama kwa nje huoni kitu, na uzito ukianza kuvuta, kipande kizima kinatoka.

Juu ya milango na madirisha kuna linta, yaani mkanda wa zege na nondo. Hapo msumari wa kawaida hupinda. Hapo panahitaji drili.

Kwa wasikilizaji wetu wenye nyumba za udongo, udongo peke yake haushikilii uzito. Gonga ukuta kwa vidole ukisikiliza sauti, utafute nguzo au fito, na msumari uingie kwenye mti.

Vitu vyepesi

Kalenda, picha ndogo na saa ya ukutani vinatosha kwa msumari wa zege. Uelekeze ncha chini kidogo, kichwa kikiwa juu, ili kamba isiteleze. Huku pwani hewa ya chumvi hula chuma haraka, kwa hiyo chagua msumari uliopakwa zinki.

Chandarua si kizito, lakini huvutwa kila usiku. Kamba zake zifunge kwenye mbao za paa au kwenye misumari iliyoingia vizuri, si kwenye ubao wa dari.

Vitu vizito: rafu, kioo kikubwa, televisheni

Hapa tumia skrubu na kile kijiti cha plastiki ambacho mafundi wengi wanakiita fisha. Jina limetoka kwa Mjerumani Artur Fischer, aliyebuni kijiti hicho mwaka 1958. Skrubu ikiingia, plastiki inatanuka na kubana kuta za tundu pande zote. Ndiyo maana hushika kuliko msumari.

Fuata hatua hizi:

1. Fisha ya milimita 8 itobolewe kwa biti ya milimita 8. Tundu likiwa pana, fisha itazunguka na haitashika.
2. Funga kipande cha solotepu kwenye biti kuonyesha kina. Tundu lipite plasta, liingie ndani ya tofali, na lizidi urefu wa fisha kidogo.
3. Toa vumbi lote. Vumbi likibaki, fisha haiingii hadi mwisho.
4. Ingiza fisha isawazike na ukuta, kisha kaza skrubu.

Kabla ya kupanga vyombo, jaribu. Ndoo ya lita 10 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 10 hivi, ukiongeza wa ndoo yenyewe. Itundike hapo kwa saa kadhaa, mtu asikae chini yake. Skrubu ikisogea hata kidogo, toboa pengine.

Kumbuka pia kwamba rafu pana huvuta skrubu kwa nje kuliko rafu nyembamba. Vyombo vizito vikae karibu na ukuta.

Dari na feni

Ubao wa jipsamu haubebi feni. Feni ya dari ina uzito wa kilo kadhaa na hutikisika kila inapozunguka. Ndoano yake ipite dari ishike kenchi, au mbao nene iliyopigiliwa kati ya kenchi mbili. Mapanga yawe zaidi ya mita 2.3 kutoka sakafuni. Nyaya zake mwachie fundi umeme, na nati zikaguliwe mara kwa mara.

Umeme ukutani

Nyaya kwa kawaida hushuka wima kutoka darini hadi kwenye swichi na soketi. Usitoboe juu wala chini ya swichi au soketi. Ukiwa na shaka, zima swichi kuu kwanza na utumie drili ya betri.

Kwa wapangaji

Mweleze mwenye nyumba kabla ya kutoboa. Ukihama, ziba matundu kwa saruji nyeupe. Mazungumzo ya dakika tano huokoa ugomvi siku ya kukabidhi funguo.

Msikilizaji wetu wa Chamazi tumemshauri atumie fisha ndefu, na kitanda cha mtoto akihamishe upande wa pili. Hata rafu iliyofungwa vizuri, mtoto asilale chini yake.