Sanga: matembezi ya nusu siku kwa wazee wa zamani



Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale katika Haut-Lomami, msitafute kuta za mawe. Mabaki iko chini ya udongo: makaburi yaliyochimbwa na wataalamu mwaka 1957 na 1958. Walikuta nyungu, vyuma na misalaba ya shaba, ile iliyokuja kuwa feza ya wazee. Kisale hakuna shaba. Ililetwa kutoka kusini.

Kwa mgeni tupange hivi: asubuhi makaburi, pamoja na kiongozi wa kijiji, kisha nyumba za wafinyanzi na wavuvi. Bei ipatanwe mbele, feza ibaki kijijini.

Jembe likigonga nyungu ya zamani, tusimame, tuite chifu. Tusiuze. Shimo tupu halileti mgeni.